Kuhamia Mfumo Mpya wa Biashara Bila Kupoteza Marekebisho Yanayokufaa: Mwongozo Kamili kwa Wafanyabiashara wa Unguja na Pemba

Mfumo wa biashara ukishakaa dukani miaka saba au minane, hauwi tena ule ulionunuliwa siku ya kwanza. Fundi mmoja ameongeza sehemu ya kuandika jina la mtaani la mteja, mwengine ameigeuza ankara itoke kwa Kiswahili, wa tatu ametengeneza ripoti ambayo tajiri huiulizia mara moja kwa mwaka. Hakuna aliyeandika popote kwamba alifanya hivyo. Inapofika siku ya kuhama, muuzaji wa mfumo mpya anakuja na kompyuta yake, anaonesha skrini zinazopendeza na kuahidi kumaliza kwa wiki mbili. Mwezi wa tatu unamkuta karani amerudi kwenye daftari la mkono, kwa sababu kile kitufe alichokitegemea hakipo tena.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka la jumla, hoteli ndogo, famasi au kampuni ya usafirishaji mwenye mfumo uliokwisha kukatwa na kushonwa upya kwa kipimo chake. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni: duka la jumla la vyakula lenye ofisi Darajani, ghala Mwanakwerekwe na tawi Chake Chake. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: hamisha kazi ambayo rekebisho linaifanya, na msimbo wake, yaani maandishi ya programu, uuache ulipo. Msimbo wa zamani uliandikwa kwa udhaifu wa mfumo wa zamani, na nusu yake hautakuwa na maana mahali pengine.

Kwanza, sababu ya kuhama

Iandike kwa sentensi moja. Kompyuta inayoendeshwa na Windows 10, ambayo Microsoft ilimaliza kuipa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ni sababu. Tawi la Pemba kutuma hesabu kwa WhatsApp kila jioni, na karani wa Unguja kuziandika upya asubuhi, nayo ni sababu. Jirani amehama, hiyo si sababu.

Ukishaijua, tazama kama kweli unahitaji kuvuka kwenda mfumo mwengine kabisa. Mwenye Tally.ERP 9, programu ya hesabu, anaweza kwenda TallyPrime, iliyotoka Novemba 2020, na data yake ikapandishwa na mfumo wenyewe. Kinachobaki ni kuyapima moja moja yale marekebisho yaliyoandikwa kwa TDL, lugha ya Tally. Kazi hiyo haifanani hata kidogo na kutoka Tally kwenda Odoo au ERPNext, mifumo mengine kabisa ya biashara, ambako mpangilio wa data hubadilika pamoja na namna nzima ya kuitazama stoo. Mimi ningemshauri mwenye duka moja lisilo na tawi aanze na njia ya kwanza.

Hatua ya 1: Yasake marekebisho yalipojificha

Usianze kwa kumuuliza tajiri. Yeye anaujua mfumo kwa ripoti zinazomfikia, na kazi nyingi hufanyika chini ya hapo. Kaa na karani wa mauzo kutwa nzima, kisha na mtunza stoo, kisha na mhasibu siku za mwisho wa mwezi, maana kuna vitufe vinavyobonyezwa mara kumi na mbili tu kwa mwaka. Kila anapogusa kitu, muulize: “Hapa unafanya nini, na kisipokuwepo utafanyaje?” Swali la pili ndilo lenye faida. Akikwambia, “Hicho wala sikitumii, ami, kimekuja tu,” kiandike. Akishtuka, “Ah, hicho usikiguse, ndicho kinachonifungia hesabu!” kiandike na ukitie nyota.

Baada ya watu, fuata karatasi. Kusanya nakala moja ya kila kinachotoka kwenye printa: ankara, risiti, hati ya kutolea mzigo, orodha ya mzigo unaopanda meli Malindi, orodha ya wadaiwa, karatasi ya mishahara. Zitandaze mezani na uzungushie kalamu nyekundu kila sehemu ambayo haikuwamo kwenye mfumo ulipokuja mtupu. Usishangae ukikuta ankara bado imeandikwa ZRB, jina la zamani la mamlaka ya mapato ya Zanzibar, wakati yenyewe siku hizi ni ZRA. Neno hilo lilipachikwa na fundi ndani ya fomu, na kubaki kwake kunakwambia kwamba fomu haijaguswa miaka na kwamba aliyeitengeneza huenda hapatikani tena.

Tatu ni hifadhidata. Mwambie fundi akutolee orodha ya sehemu zote za ziada, na mbele ya kila moja aweke asilimia ya rekodi zilizojazwa na tarehe ya mwisho kujazwa. Sehemu ya namba ya faksi iliyojazwa mara ya mwisho mwaka 2013 itajihukumu yenyewe. Kwa Tally, taka pia orodha ya faili za TDL zinazopakiwa mfumo unapofunguka. Faili yenye kiambishi cha .tcp imekwisha fungwa na haisomeki. Unayoihitaji ni ile asili, iliyo maandishi matupu. Mtafute fundi wa zamani mapema kwa ajili ya hilo, kabla hajasikia kwamba kazi imepewa mwengine.

Nne, na hapa wengi hupitwa, ni Excel. Jedwali la Excel lililo pembeni ya mfumo ni rekebisho lililokosa fundi. Ukimkuta mhasibu anatoa orodha kwenye mfumo, anaipeleka Excel, anaongeza safu mbili na kuichapisha, umepata ripoti ambayo mfumo ulitakiwa uitoe. Fungua kompyuta zote za ofisi, pamoja na ile ya Chake, uyakusanye majedwali hayo.

Ruhusa pia ziandike: nani anaweza kushusha bei, nani anaweza kufuta ankara, nani anaona faida. Dukani mambo haya kwa kawaida hayakuandikwa, ila yamo ndani ya mfumo, na mfumo mpya utakuja na ruhusa zake.

Yote haya yaingie kwenye jedwali moja: jina la rekebisho, kazi yake, anayelitumia, hutumika mara ngapi, likikosekana kinaharibika nini, na safu tupu ya uamuzi.

Hatua ya 2: Toa hukumu, moja baada ya jengine

Kila rekebisho lina njia nne mbele yake. Linaachwa, au mfumo mpya unayo kazi hiyo tayari, au linajengwa upya, au utaratibu wa kazi wenyewe unabadilishwa ili lisihitajike. Kikao cha hukumu kiwe na tajiri, mhasibu na karani mmoja anayejua kubisha. Fundi awepo kujibu maswali, asiwe na kura.

Tuanze na mepesi. Katika duka letu la mfano, mchele huingia kwa polo la kilo 50 na kuuzwa kwa polo, nusu polo na kilo. Fundi wa zamani aliufanya mchele mmoja kuwa bidhaa tatu, na akaandika programu ndogo ya kupunguza huku na kuongeza kule kila polo linapofunguliwa. Odoo na ERPNext zote zinajua vipimo vinavyogeuzana: unaandika mara moja kwamba polo 1 ni kilo 50, basi. Ile programu inaachwa bila huruma. Kazi inahamia kwenye data, kwani bidhaa tatu lazima ziwe moja kabla ya kuingia. Polo 12, nusu polo 3 na kilo 18 zitaingia kama kilo 693, na bei za kila kipimo zitaandikwa upya.

Mzigo wa Pemba ni mfano mwengine wa namna hiyo. Mzigo ukipakiwa jioni Malindi, mfumo wa zamani uliutoa Unguja na papo hapo kuuingiza Chake, na meli haijafika hata Mkoani. Karani wa Chake akawa anauza kwenye skrini vitu vilivyo baharini. Dawa iliyopatikana ikawa kumtengeneza mteja wa uongo aitwaye “PEMBA NJIANI”, ambaye anauziwa mzigo kwa bei ya kununulia na kuurudisha ukifika. Hesabu zilikaa sawa, lakini ripoti ya mauzo ilijaa upepo. Mifumo yote miwili niliyoitaja ina ghala la mzigo ulio njiani: unatoka Mwanakwerekwe, unakaa njiani, na unaingia Chake pale mtunza stoo wa huko anapoupokea na kuuhesabu. Kazi ibaki, hila iondoke.

Mali kauli, yaani bidhaa zinazotolewa kwa mkopo, inahitaji jicho kali zaidi, kwa sababu inafanana na kitu kilichomo ndani ya kila mfumo na bado si kile kile. Tuseme mteja wa Konde amepewa kikomo cha shilingi 3,000,000 na siku 30. Mfumo wa zamani ulimzuia karani kutoa ankara mpya kikomo kikipita, au deni la zamani likizidi siku zake, na tajiri peke yake ndiye aliyeweza kufungua kwa neno lake la siri. Sasa, Odoo ina kikomo cha mkopo, lakini kwa kawaida yake inatoa onyo tu na karani anaweza kuendelea. ERPNext inazuia, na ina mahali pa kumtaja anayeruhusiwa kuvuka, ila ukaguzi wake unatazama kiasi cha deni. Umri wa deni ni habari nyengine. Muuzaji akikwambia “kikomo cha mkopo tunacho”, anasema kweli na bado hajakujibu. Muulize yote matatu: kinazuia au kinaonya, kinatazama kiasi au siku, na nani anafungua. Kinachokosekana ndicho kijengwe, na mara nyingi kitakuwa kidogo kuliko ulivyodhani.

Mishahara nayo isipite kimya. Mifumo mingi inayouzwa huku hutayarishwa kwa ajili ya Bara, na huja na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa huko, na kiwango cha VAT cha Bara vikiwa vimeshapangwa. Hapa wafanyakazi wako wamo ZSSF, mfuko wa Zanzibar, VAT ya ndani inasimamiwa na ZRA, na baadhi ya kodi, kama ya mapato, ziko TRA. Agiza viwango vyote vikae kwenye mipangilio ambayo mhasibu anaweza kuibadilisha mwenyewe bajeti mpya inapoanza Julai. Kiwango kilichozikwa ndani ya msimbo ni deni utakalolilipa kila mwaka.

Ripoti ya zaka

Nimeitenga kwa sababu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, na hakuna muuzaji wa nje atakayekukumbusha. Hutumika mara moja kwa mwaka, na mwaka wenyewe ni wa mwandamo, wa siku 354 au 355, kwa hiyo kwenye kalenda ya ofisi tarehe yake haitulii.

Kazi yake ni hii: siku ya hawli, yaani mwaka wa zaka unapotimia, kuthamini mali yote ya kuuza kwa bei ya soko ya siku hiyo, kuongeza fedha taslimu na za benki, kuongeza madeni yanayotarajiwa kulipwa, kutoa madeni unayodaiwa, kisha kuchukua asilimia 2.5 kama kiasi kimefika nisabu, kiwango cha chini kinachowajibisha zaka. Mali ya 84,000,000, fedha 11,000,000, wadaiwa 9,000,000, ukitoa wadai 24,000,000, inabaki 80,000,000. Zaka yake ni 2,000,000.

Fundi mwenye haraka atakutolea thamani ya stoo ambayo mfumo unayo tayari, nayo ni ya bei ya kununulia. Ikiwa mali hiyo hiyo ilinunuliwa kwa 70,000,000, ripoti yake itapunguza zaka kwa shilingi 350,000, na haitaonesha dalili yoyote ya kosa. Urari utakaa sawa, karatasi itapendeza. Kwa hiyo sharti la kwanza liandikwe kwa herufi kubwa: bei ya soko.

Sharti la pili ni madeni. Wanazuoni wana kauli zaidi ya moja kuhusu deni lisilo na uhakika wa kulipwa, na kuhusu madeni ya muda mrefu unayodaiwa. Fundi wa zamani alichagua kauli moja na kuizika ndani ya msimbo, pengine bila kumuuliza mtu. Safari hii ripoti iwe na vitufe vya kuchagua, na tajiri akamuulize sheikh wake. Fundi hana kazi ya kutoa fatwa.

La tatu, tarehe iandikwe kwa mkono. Mfumo ukiachiwa ugeuze Hijria kwa hesabu zake unaweza kupishana siku moja na mwandamo wa hapa, na siku moja ikiwa ndiyo uliyoingiza mzigo wa kontena, tofauti si ndogo.

Hatua ya 3: Chagua mfumo kwa mambo yako magumu

Usikubali kuoneshwa data ya mfano ya muuzaji. Mpe mambo matano magumu kutoka kwenye jedwali lako, pamoja na data yako kidogo, arudi baada ya wiki. Kwa duka letu yangekuwa polo na kilo, mzigo wa Chake, mali kauli iliyopitiliza, risiti ya ZRA, na ripoti ya zaka. Atakayesema “hili halimo, litajengwa kwa siku kadhaa” namwamini kuliko anayeitikia ndiyo kwa kila kitu.

Kuhusu ZRA, nenda mwenyewe ukaulize utaratibu wa kuunganisha mfumo mpya na VFMS, ule wa risiti za kielektroniki, kabla hujasaini chochote. Muunganisho huo ukikwama, duka zima limekwama.

Uliza pia marekebisho yatakaa wapi. Odoo hutoa toleo jipya kila mwaka na kuhudumia matoleo matatu ya karibuni. Fundi akigusa msimbo wa asili wa mfumo, kila ukipanda toleo kazi yake inafutika au inakuzuia kupanda. Marekebisho yawe kwenye moduli ya pembeni, yenye jina la duka lako, inayoweza kuzimwa peke yake. Lebo za Kiswahili zikae kwenye faili za tafsiri. Na mkataba useme kwa maneno yasiyo na shaka kwamba msimbo wa marekebisho ni mali yako na utakabidhiwa ukiwa unasomeka.

Seva ikae wapi, mtandaoni au ofisini? Wenye umri wa kukumbuka wanaijua ile Desemba ya 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa bila umeme baada ya waya wa chini ya bahari kutoka Bara kuharibika. Duka lenye tawi Pemba linafaidika sana na seva ya mtandaoni, ila kaunta lazima iweze kuendelea kuuza intaneti ikikatika, hata kama ni kwa njia ya dharura. Siku ya maonesho, chomoa waya wa intaneti muuzaji akiwa katikati ya mauzo, utazame kinachotokea.

Hatua ya 4: Safisha data

Hapa ndipo muda unapokwenda. Orodha ya wateja ya duka la Zanzibar ina Mohammed, Mohamed na Muhammed ambao ni mtu mmoja, na ina Ali Juma watatu ambao ni watu watatu. Kompyuta haiwezi kuwatenganisha; karani anaweza, kwa namba ya simu na kwa jina la mtaani. Ndiyo maana ile sehemu ya jina la mtaani, ambayo fundi mgeni ataiona ya mzaha, ni rekebisho la kulindwa. “Babu Konde” ndiyo anwani ya kweli ya mteja huyo. Hakikisha kwenye mfumo mpya linatafutika, maana kuonekana tu hakumsaidii karani mwenye foleni mbele yake.

Excel itakuharibia mambo matatu ukiifungua ovyo. Namba 0777 itapoteza sifuri ya mwanzo. Msimbo wa mistari wenye tarakimu 13, hasa zile bidhaa za Tanzania zinazoanza na 620, utageuka 6.20E+12 na ukihifadhi faili umeupoteza. Na tarehe 03/04 itakuwa Aprili kwenye kompyuta moja na Machi kwenye nyengine. Dawa ni kuzitia safu hizo kama maandishi tangu mwanzo, na kuandika tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku.

Historia usiibebe yote. Beba masalio ya kuanzia, ankara ambazo hazijalipwa moja moja (jumla ya deni peke yake haitoshi, mali kauli inahitaji tarehe ya kila ankara), na mauzo ya mwaka mmoja au miwili kama kweli mtu huyalinganisha. Yaliyobaki yakae kwenye mfumo wa zamani, usomwe tu. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka mitano, hivyo mfumo huo bado unauhitaji.

Hatua ya 5: Jenga upya, ukurasa mmoja kwa kila rekebisho

Fundi asipewe maneno ya mdomo. Kila linalojengwa liwe na ukurasa wake: linamtumikia nani, linaanza lini, linatazama nini, linatoa nini, na mfano wa hesabu wenye jibu. Hesabu ya zaka hapo juu ni mfano wa kutosha. Ripoti isipotoa 2,000,000 kwa data ile, haijaisha. Ukurasa huo ndio mkataba, ndio mtihani, na ndio utakaosomwa na fundi mwengine miaka mitano ijayo.

Anza na risiti na kodi, kisha mali kauli, kisha mzigo wa Chake. Mapambo ya ankara yawe mwisho.

Hatua ya 6: Fanya mazoezi kamili

Chukua nakala ya data, uihamishe yote kama siku yenyewe, saa mkononi. Kisha linganisha mambo matatu: urari wa mfumo wa zamani na mpya, jumla ya wadaiwa pamoja na wateja kumi uliowachagua kwa macho, na stoo ya kila ghala kwa idadi na kwa thamani. Tofauti ya shilingi 500 usiidharau. Mara nyingi ni mlango wa tofauti kubwa zilizofutana.

Zoezi la kwanza litajaa makosa, ndiyo kazi yake. Rudia mpaka lipite safi, na safari ya mwisho makarani wenyewe wakae kwenye viti vyao wauze kutwa nzima mauzo ya jana.

Hatua ya 7: Chagua siku, na uhame

Usihame Ramadhani wala wiki za kuelekea Sikukuu. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo itazame kalenda ya mwaka huo. Mwenye hoteli atapata nafasi masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache. Tawi la Pemba lisiguswe wakati wa mavuno ya karafuu, pesa zinapozunguka na kila mtu ananunua. Mwanzo wa mwezi, ritani ya mwezi uliopita ikishaandaliwa, unafaa kuliko katikati.

Wiki hiyo usipakie mzigo wa Pemba. Siku ya kuhama kusiwe na kitu baharini.

Funga Jumamosi jioni, Darajani na Chake kwa saa moja ile ile. Toa bakapu mbili, moja itoke nje ya jengo, na moja ifunguliwe kwenye kompyuta nyengine kuhakikisha inafunguka; bakapu ambayo haijajaribiwa haihesabiki. Hesabuni mali usiku na asubuhi ya Jumapili, mwingize masalio, mlinganishe yale mambo matatu. Weka saa ya kuamua, tuseme saa kumi alasiri Jumapili. Hesabu zisipokutana kufikia hapo, Jumatatu mnafungua na mfumo wa zamani na kujaribu mwezi unaofuata. Uamuzi huu ukubaliwe mapema, maana ikifika jioni hiyo kila mtu amechoka na atataka kulazimisha.

Jumatatu asubuhi, toa risiti ya kwanza ya ZRA kabla mteja hajaingia.

Hatua ya 8: Baada ya kuhama

Fundi akae dukani wiki ya kwanza, na mmoja awe Chake, si kwenye simu. Malalamiko yaandikwe kwenye daftari moja na yajibiwe jioni. Mengi yatakuwa ya mazoea, kitufe kilikuwa kushoto sasa kiko kulia. Hayo yaache yapite. Lakini karani akianza kuandika kitu pembeni kwenye karatasi, simama hapo hapo uulize, kwa sababu hilo ni rekebisho mlilolisahau.

Usiendeshe mifumo miwili sambamba kwa muda mrefu. Funga mwezi mmoja kwenye mpya, mhasibu aridhike, kisha wa zamani ubaki wa kusomwa tu, kwenye mashine isiyounganishwa na intaneti, maneno yake ya siri yakiwa kwa tajiri.

Malipo ya fundi yagawe. Sehemu kubwa alipwe mwezi wa kwanza ukifungwa salama, na kipande kibaki hadi mambo ya mara moja kwa mwaka yapite: hesabu za kufunga mwaka, mabadiliko ya viwango ya Julai, na siku ya hawli. Ripoti ya zaka ikitoka na tajiri akailinganisha na hesabu yake ya mkono, mlipe kilichobaki.